Matanzima: Rais wa nchi ambayo dunia ilikataa kuitambua

KAISER Daliwonga Matanzima alizaliwa Juni 15, 1915 na akafariki Juni 15, 2003, siku aliyotimiza umri wa miaka 88. Baina ya tarehe hizo mbili alikuwa chifu, mwanasheria, waziri mkuu na hatimaye rais wa Transkei, nchi iliyokuwa na bendera, bunge, jeshi na stempu zake, lakini ambayo dunia nzima ilikataa kuiita nchi. Walioitambua ni makaburu wa Afrika Kusini ambao ndio walioiunda, na baadaye vijimbo vingine vya kikabila vilivyoundwa na makaburu hao hao.

Matanzima alitoka Qamata, magharibi mwa Transkei, katika ukoo wa kifalme wa Wathembu, mojawapo ya jamii zinazozungumza Kixhosa. Ili kuyaelewa maisha yake ni lazima kwanza kuelewa alizaliwa upande gani wa ukoo huo. Wathembu wana nyumba kuu, ambayo ndiyo hutoa mfalme, na nyumba ya mkono wa kulia, ambayo huheshimiwa lakini haitawali wote. Matanzima alikuwa wa nyumba ya mkono wa kulia. Katika karne ya 19 wazee wake waliwaongoza watu wao kuhamia magharibi, na eneo walilokalia likajulikana kama Thembuland ya Wahamiaji. Walikuwa machifu wa sehemu hiyo, lakini mfalme wa Wathembu wote aliketi kwingine.

Nelson Mandela naye alikuwa wa ukoo huo, wa nyumba ndogo zaidi ya mkono wa kushoto ambayo kazi yake ilikuwa kuwashauri wafalme. Kwa hesabu ya vizazi, Mandela alikuwa baba mdogo wa Matanzima, ingawa Matanzima alimzidi umri kwa miaka mitatu. Mfalme halali wa wote wawili alikuwa Sabata Dalindyebo, aliyezaliwa mwaka 1928. Wakati Sabata akiwa bado mtoto, kiti chake kilishikiliwa na Jongintaba, chifu yule yule aliyemlea Mandela baada ya kufiwa na babake. Watu hawa watatu, Matanzima, Mandela na Sabata, walikuwa jamaa wa damu, na kisa cha Transkei kwa kiasi kikubwa ni kisa cha jinsi walivyotengana.

Matanzima alisoma Lovedale, kisha Chuo Kikuu cha Fort Hare, ambako alihitimu mwaka 1939. Mwaka huo ndipo Mandela alipowasili chuoni hapo akiwa kijana mgeni asiye na fedha. Matanzima alimpokea kama mtu wa nyumbani, akamtafutia malazi katika bweni la Wamethodisti alimokaa yeye mwenyewe, na akawa akimgawia sehemu ya posho yake. Kijana Mandela alimtazama kama shujaa. Alikuwa mrefu, mtanashati, mwenye kujiamini, na alikuwa na kile ambacho Mandela hakuwa nacho, yaani kiti cha uchifu kilichokuwa kikimsubiri.

Alikikalia kiti hicho mwaka 1940, lakini hakuacha masomo. Mwaka 1948 alifaulu mtihani wa uwakili. Wakati huo huo alikuwa mjumbe wa Bunga, baraza la Umtata ambamo machifu na mahakimu Wazungu walijadili mambo ya barabara, mifugo na shule. Hapakuwa na chifu mwingine katika eneo hilo mwenye elimu kama yake, naye alijua hivyo. Waliomfahamu walimwona mtu mkali, mwenye kiburi na asiyependa kupingwa.

Mwaka huo wa 1948 chama cha makaburu kilitwaa serikali mjini Pretoria na siasa ya ubaguzi wa rangi ikawa sheria ya nchi. Weusi, ambao ndio wengi, walikuwa wametengewa sehemu ndogo ya ardhi tangu sheria ya mwaka 1913, na hata baada ya sheria ya 1936 kuiongeza, hawakuruhusiwa kuzidi takriban asilimia 13 ya nchi. Serikali mpya ilikuwa na wazo la kulimaliza tatizo hilo moja kwa moja. Vipande hivyo vya ardhi vingegeuzwa mataifa ya kikabila, kila Mwafrika angehesabiwa kuwa raia wa taifa la kabila lake, na hatimaye pasingekuwa na raia hata mmoja mweusi wa Afrika Kusini. Mtu mweusi anayefanya kazi Johannesburg angekuwa mgeni mwenye kibali, sawa na anayetoka nchi za nje.

Hatua ya kwanza ilikuwa sheria ya mwaka 1951 iliyowapa machifu mamlaka mapya huku ikiwafanya watumishi wa serikali. Chifu aliyetii aliongezewa mshahara na madaraka, na aliyekataa aliweza kuondolewa. Msomaji anayekumbuka machifu wa serikali ya kikoloni hapa Kenya hatapata taabu kuuelewa mpango huo. Bunga iliikubali sheria hiyo mwaka 1955, na Matanzima alikuwa miongoni mwa waliosukuma ikubaliwe.

Mwaka huo huo Mandela, ambaye sasa alikuwa wakili Johannesburg na kiongozi wa chama cha African National Congress (ANC), alisafiri hadi Qamata kumwomba jamaa yake abadili msimamo. Walijadiliana usiku kucha. Mandela alisema kwamba mpango huo ungewagawa Waafrika ili Wazungu watawale milele. Matanzima alishikilia kuwa kuwachanganya watu wa rangi mbalimbali katika serikali moja kungeleta uhasama na damu, na kwamba njia ya kujitenga ingewapa Waafrika angalau mahali pa kujitawala. Kulikuwa pia na jambo jingine katika hoja zake. Mpango wa serikali ungeirudishia nyumba ya babu zake hadhi ambayo, kwa maoni yake, Waingereza walikuwa wameivunja. Kulipopambazuka hakuna aliyemshawishi mwenzake. Mandela aliondoka na huzuni kubwa, kwani alikuwa ametumaini kwamba siku moja wangekuwa upande mmoja.

Malipo ya Matanzima hayakuchelewa. Mwaka 1958 serikali ilimfanya chifu wa kanda nzima ya Thembuland ya Wahamiaji, akaacha kuwa chini ya Sabata. Miaka minane baadaye alipandishwa kuwa chifu mkuu, cheo sawa na cha mfalme wake. Kwa mila ya Wathembu hakuna kitu kama hicho. Nyumba ya mkono wa kulia haiwezi kuzaa mfalme wa pili. Lakini Pretoria haikuwa ikifuata mila, ingawa ilidai kuwa ndiyo inayozihifadhi.

Sabata kwa upande wake aliwasikiliza watu wake, ambao hawakuutaka mpango huo. Upinzani ulikuwa mkubwa. Huko Pondoland, mashariki mwa Transkei, wanakijiji waliasi, na Juni 6, 1960 polisi waliwaua watu 11 waliokuwa wakikutana katika kilima cha Ngquza. Serikali ilitangaza hali ya hatari na kutoa amri iliyoruhusu watu kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Amri hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda. Ilidumu miaka mingi, na Matanzima aliitumia dhidi ya wapinzani wake hadi alipotunga sheria kali zaidi ya kwake mwenyewe. Mwishoni mwa 1962 kundi la wapiganaji wa Poqo lilitoka Cape Town kwa treni likiwa na nia ya kumuua, likakabiliwa na polisi katika stesheni ya Queenstown kabla ya kufika Qamata. Tangu hapo hakutembea bila walinzi.

Uchaguzi wa kwanza wa Transkei ulifanyika Novemba 1963. Bunge lilikuwa na viti 109, lakini 45 tu ndivyo vilivyogombewa kwa kura. 64 vilikuwa vya machifu, ambao mishahara yao ilitoka serikalini. Wengi wa wabunge waliochaguliwa na wananchi walikuwa upande wa Chifu Mkuu Victor Poto wa Pondoland Magharibi, aliyeungwa mkono na Sabata na aliyepinga utengano wa rangi. Machifu walipopiga kura zao, Matanzima alishinda uwaziri mkuu wa jimbo kwa kura 54 dhidi ya 49. Kwa maneno mengine, wananchi walimkataa siku ya kwanza kabisa walipoulizwa. Jambo hili halikumzuia kusema kwa miaka 20 iliyofuata kwamba anatawala kwa ridhaa yao.

Ni haki pia kusema kwamba hakuwa kibaraka wa kila jambo. Miongoni mwa hatua za mwanzo za serikali yake ilikuwa kuuondoa mtaala wa elimu duni uliotungwa na makaburu kwa ajili ya watoto weusi, na kurudisha Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Watoto wa Transkei waliepuka sehemu ya maonevu ambayo mwaka 1976 yaliwafanya wenzao wa Soweto kuandamana na kupigwa risasi. Alidai ardhi zaidi kutoka Pretoria kwa sauti kubwa, na Chuo Kikuu cha Transkei kilianzishwa wakati wa utawala wake. Wako Waxhosa wengi waliopata ualimu, ukarani, uhakimu na nafasi za juu serikalini ambazo kwingineko Afrika Kusini zingeshikwa na Mzungu. Tabaka hilo ndilo lililomuunga mkono, na lilikuwa na sababu.

Oktoba 26, 1976 Transkei ilitangazwa kuwa nchi huru, ya kwanza kati ya nne zilizoundwa kwa njia hiyo. Zilizofuata zilikuwa Bophuthatswana, Venda na Ciskei. Matanzima akawa waziri mkuu, na Botha Sigcau, chifu mkuu wa Pondoland Mashariki, akawa rais. Bendera ilikuwa ya rangi ya udongo, nyeupe na kijani. Wimbo wa taifa uliochaguliwa ulikuwa Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo ule ule ulioimbwa katika mikutano ya ANC. Miezi mitatu kabla ya sherehe, viongozi wa chama cha upinzani kilichopinga uhuru huo walikamatwa, na uchaguzi wa Septemba ukafanyika wengine wakiwa kizuizini.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikuwa umeshawaonya wanachama wake mapema mwaka huo wasiitambue Transkei. Siku yenyewe ya sherehe, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuukataa uhuru huo. Nchi 134 ziliunga mkono azimio, hakuna iliyopinga, na Marekani pekee ilijizuia kupiga kura. Lesotho, ambayo inapakana na Transkei, ililalamika kwa Baraza la Usalama kuwa mpaka umefungwa ili kuilazimisha kuwatambua maafisa wa Umtata, na mwezi Desemba baraza hilo likaisimamia. Pasipoti ya Transkei haikumfikisha mtu mbali.

Lakini madhara makubwa hayakuwa ya wanadiplomasia. Sheria iliyoipa Transkei uhuru iliwavua uraia wa Afrika Kusini watu wote waliohesabiwa kuwa wa asili ya huko, pamoja na zaidi ya milioni moja waliokuwa wakiishi na kufanya kazi nje ya mipaka yake. Mtu aliyezaliwa Soweto na wazazi waliozaliwa huko huko, ambaye hajawahi kuikanyaga Transkei, aliamka Oktoba 26 akiwa mgeni katika mji wake. Tayari alikuwa akitembea na pasi, ambayo wazee wa Kenya wangeiita kipande. Sasa pasi hiyo ilimwambia kwamba kwao ni kwingine. Matanzima alikuwa ameomba kwamba wakazi hao wasivuliwe uraia bila hiari yao. Pretoria haikukubali, naye alitia saini hata hivyo.

Wilaya za Herschel na Glen Grey, zilizokuwa za Ciskei, ziliunganishwa na Transkei kabla ya uhuru kama sehemu ya ardhi aliyoidai. Maelfu ya wakazi wake hawakutaka kuwa chini yake. Walifungasha mizigo mwaka 1976 na kuvuka hadi Thornhill, upande wa Ciskei, ambako hapakuwa na nyumba, maji wala vyoo. Wengi walifariki katika miezi ya kwanza, hasa watoto wachanga. Baadhi ya mashamba ya Wazungu yaliyotwaliwa kwa ajili ya taifa jipya, kwa upande mwingine, yaliishia mikononi mwa wakubwa wa serikali, wakiwemo Matanzima na mdogo wake George.

Miaka ya uhuru ilikuwa na vituko ambavyo vingechekesha kama visingewaumiza watu. Mnamo 1978 Pretoria ilipoiweka Griqualand Mashariki chini ya Natal badala ya Transkei, Matanzima alikasirika na kuvunja uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini, nchi iliyolipa sehemu kubwa ya bajeti yake. Aliurejesha miaka miwili baadaye. Mwaka huo huo wa 1978 alilipiga marufuku Kanisa la Kimethodisti la Afrika Kusini, kanisa alimobatizwa na lililomsomesha, baada ya mkutano wake mkuu kukataa kuitambua serikali yake kwa kumtumia rais salamu za heshima. Badala yake likaundwa kanisa la Kimethodisti la Transkei. Kusema hadharani kwamba Transkei si nchi huru kulikuwa kosa la jinai chini ya sheria ya usalama ya mwaka 1977.

Sigcau alifariki mwishoni mwa 1978, na mwaka 1979 Matanzima akachukua urais huku George akiwa waziri mkuu. Sasa palibaki mtu mmoja tu aliyemkumbusha mahali alipozaliwa katika ukoo. Sabata alikamatwa mwaka huo kwa kumsema vibaya rais katika mkutano. Mfalme wa Wathembu alifikishwa mahakamani kwa kosa la kumvunjia heshima mtu ambaye kwa mila alipaswa kumvulia kofia. Mwaka 1980 alipatikana na hatia, akatozwa faini ya randi 700, na baadaye Matanzima akamvua ufalme. Sabata alitoroka hadi Swaziland na kisha Zambia, akajiunga na ANC uhamishoni, na akafariki Lusaka Aprili 1986.

Yaliyofuata ndiyo yasiyosahaulika Thembuland. Mwili uliporudishwa, Matanzima hakuiachia familia mazishi. Maafisa wa usalama waliuchukua, ukazikwa upesi bila heshima za kifalme na mbali na mahali ambapo familia ilitaka. Kwa Wathembu, kumdhulumu mtu akiwa hai ni jambo moja; kumdhulumu akiwa maiti ni jingine kabisa. Hata watu waliokuwa wamenufaika na serikali ya Matanzima waliona aibu.

Mandela alifuatilia hayo yote akiwa gerezani. Mwaka 1976 waziri wa magereza, Jimmy Kruger, alikuwa amemwendea Robben Island na pendekezo kwamba akiitambua Transkei na kukubali kwenda kuishi huko, kifungo chake kingepunguzwa sana. Alikataa. Matanzima alipoomba kumtembelea, Mandela aliwauliza wafungwa wenzake, nao wakapinga kwa kuwa ziara hiyo ingefanywa ushahidi kwamba ameikubali Transkei. Moyoni alikuwa tayari kumwona. Alimchukulia bado kuwa jamaa. Matanzima naye aliendelea katika miaka ya 1980 kuiomba Pretoria imwachilie Mandela aje aishi kwake. Ni vigumu kusema kama hilo lilikuwa pendo la ndugu au hesabu ya siasa, na huenda lilikuwa yote mawili. Mandela alijibu kwamba Transkei si nchi na kwamba asingetoka gerezani kuingia humo.

Matanzima alistaafu urais Februari 1986. Alidhani angeendelea kutawala kupitia kwa mdogo wake, lakini George alikuwa na mipango yake. Ndugu hao waligombana, Kaiser akajaribu kurudi katika siasa za upinzani, na mwaka 1987 serikali ya George ikamzuia asitoke Qamata, ikitumia mamlaka zile zile ambazo Kaiser alizitumia kwa miaka mingi dhidi ya wengine. George mwenyewe hakumaliza mwaka. Tuhuma za hongo kuhusu leseni ya kamari zilimng'oa madarakani, na Desemba 30, 1987 Jenerali Bantu Holomisa akaipindua serikali iliyomrithi.

Holomisa aliifungulia ANC milango. Oktoba 1989 mwili wa Sabata ulifukuliwa na kuzikwa upya kwa heshima zote katika makao ya kifalme ya Bumbane, mbele ya umati mkubwa ambao miaka mitatu tu kabla ungetawanywa na polisi. Mandela aliachiliwa miezi minne baadaye. Aprili 27, 1994, siku ambayo watu wa rangi zote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza, Transkei ilikoma kuwepo, miaka 17 na nusu baada ya kutangazwa.

Matanzima aliishi miaka mingine tisa kama chifu wa Qamata. Serikali mpya haikumshtaki wala kumnyang'anya cheo cha jadi, na alizikwa nyumbani kwake. Jengo la Bunga, ambamo alijenga siasa zake, liligeuzwa mwaka 2000 kuwa Makumbusho ya Nelson Mandela. Mji wa Umtata ulirejeshewa matamshi yake ya Kixhosa, Mthatha, mwaka 2004. Halmashauri inayousimamia mji huo, iliyoundwa mwaka 2000 Matanzima akiwa bado hai, iliitwa Manispaa ya Mfalme Sabata Dalindyebo.